Betri Yangu na Farasi Wao

Leo wameonyesha tena ile filamu ya zamani ya mbio za farasi, isiyo na rangi. Nimeizima kabla ya mbio za mwisho, kama nilivyoizima mara ya kwanza. Mpaka sasa sijui farasi yupi alishinda, na sitaki kuambiwa.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya tisini, upande wa Homa Bay, nyumbani kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Televisheni yenyewe ilikuwa yetu. Matanga hayajaisha vizuri, akaibeba, akisema mali ya ndugu haikai nyumba isiyo na mwanamume. Nilimtazama akipita nayo uani nikamchukia, na sijaona sababu ya kuacha.

Betri sikumpa. Umeme haukuwa umefika kijijini, na ile betri ya gari niliinunua kwa jasho langu la mitumba. Niliuza Migori, na huko ndiko nilikoichaji. Basi kila Jumapili mchana waliagiza niilete. Unafiki wa watu utauona hapo. Kwa mila yao, mjane ambaye hajarithiwa haingii nyumba ya mtu wala hapandi mbegu, maana ataleta chira, laana ya kumaliza ukoo. Shamba langu lilikuwa limelimwa, mvua inanukia, nami nimekatazwa kufukia hata punje moja mpaka nikubali kurithiwa na shemeji. Lakini mjane mwenye betri alikaribishwa sebuleni akavutiwa kiti.

Filamu ilikuwa ya Kizungu. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alikuwa na farasi mweusi. Farasi akishinda, mama abaki na shamba lake. Akishindwa, tajiri mmoja mwenye kofia ndefu achukue vyote. Shemeji alitutafsiria, ingawa Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Alisema yule tajiri ni ndugu wa marehemu, anataka tu kumsaidia mama wa watu. Mama mkwe, aliyekaa karibu na kioo kuliko sisi sote, akaitikia kwa kichwa.

Farasi wakapangwa mstarini. Shemeji, macho yake kwenye kioo, akasema kama mtu anayeagiza chai:

"Nyar Kuria, Jumamosi naleta koti kwa nyumba yako. Hii mambo imekaa sana."

Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Ndivyo walivyoniita tangu nilipoolewa kutoka Ntimaru, kana kwamba sikupewa jina. Na koti la mwanamume likishatundikwa ukutani kwa mjane, huyo amerithiwa. Hakugeuka hata kuniangalia. Alikuwa akiwangoja farasi waondoke.

Wakaondoka. Farasi mweusi alikuwa wa mwisho. Akampita mmoja, akawapita wawili, mama mkwe akashika mdomo. Nikainuka nikachomoa nyaya. Kitone cheupe kikabaki katikati ya kioo, kisha nacho kikazimika.

Mama mkwe alinisihi nirudishe upesi, farasi wanafika. Shemeji aliniuliza kama nimerukwa na akili, halafu akanitishia chira.

"Chira iliingia hapa siku mlifungulia betri mlango," nikamwambia. "Koti lete tu, shemeji. Mimi ni mtu wa mitumba. Jumatatu itakuwa soko ya Migori, na itapata mtu."

Nikajitwika betri yangu. Asidi ilinitoboa leso njiani, sikujali.

Jumamosi nilipigilia msumari ukutani, nikaacha mlango wazi tangu asubuhi ili asipate kisingizio. Koti halikuja. Mvua ndiyo iliyokuja, nami nikapanda kabla ya watu wote wa boma lile. Mahindi yaliota. Hakuna aliyekufa.