Karatasi Iliyouhimili Mkono wa Binti Yangu

Mume wa binti yangu alimvunja vidole vya mkono wa kulia kwa mpini wa jembe. Binti yangu alikuwa ameng'ang'ania fremu ya mlango asivutwe ndani, naye akamponda palepale, kidole baada ya kidole, mpaka akaachia. Alikuja kwangu kijijini Qurus kwa miguu, mkono kaufunga kwa kanga, na kanga imekauka damu ikawa ngumu kama ngozi ya mbuzi.

Hospitali walivinyoosha vidole, wakafunga plasta. Ilipotolewa, vilikuwa vimekakamaa. Muuguzi akaniambia, "Bibi, mpe kazi ndogondogo za vidole kila siku. Akiviacha vilale, mkono huu hautashika tena kitu."

Nilimpa maharage achambue. Alilia kwa maumivu, akapiga ungo teke. Ndipo mke wa mwanangu, anayefua mashuka kwenye loji ya watalii, akaleta vitabu vitatu walivyoacha wageni. Vya kupaka rangi, lakini vya watu wazima: maua na wanyama wa mistari myembamba mpaka macho yanauma.

"Mimi sikusoma," nikasema, "lakini najua chekechea inaishia wapi."

"Mama, niache nijaribu."

Nikakaa naye, na kwa kukaa nikavijua vile vitabu. Cha kwanza kilikuwa na karatasi laini kama ya gazeti. Vidole vyake havikuwa na kipimo. Ama vinaiachia penseli, ama vinaikandamiza kama anamchoma mtu kisu. Akikandamiza, karatasi inachanika. Akishika kalamu ya wino, rangi inapenya na kuharibu picha ya nyuma. Cha pili kilikuwa kinang'aa kama kalenda. Penseli iliteleza bila kuacha rangi, na wino ulikaa juu mbichi; akipitisha kiganja unasambaa kama damu ya kuku sakafuni. Hicho niliwashia moto.

Cha tatu kilikuwa kizito, karatasi yake inakwaruza ukiipapasa. Hiyo ilikula penseli, tabaka juu ya tabaka, hata alipokandamiza kwa hasira. Wino haukupenya. Rangi ya maji iliivimbisha kidogo, ikakauka, ikatulia.

Hapo nami nikaingiwa na tamaa. Nikachukua udongo mwekundu wa korongoni, ule tunaopakia kuta, nikauchanganya na mavi ya ng'ombe ili ushike, nikampaka tembo wa kitabuni. Asubuhi tembo alikuwa amepasuka, anadondoka vipande mezani. Binti yangu alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aolewe.

"Mama, umemkandika kama nyumba."

Mume wake alikuja mchana, peke yake. Kwetu mwanamume aliyemwaga damu ya mke hutanguliza wazee wa ukoo waje kuomba. Huyu alitanguliza fimbo. Alitukuta uani, binti yangu anapaka rangi mkia wa tausi.

"Kumbe mkono umepona," akasema. "Wa kuchora ndege upo, wa kukamua ng'ombe wangu haupo?"

"Katafute wazee wako," nikamwambia.

"Mama, usiniingilie. Huyu nilimtolea ng'ombe."

Alinipiga fimbo ya bega, nikaanguka juu ya kuni. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kile kitabu, akainama, na kwa mkono mwingine akamkamata binti yangu nywele. "Twende," akasema.

Nilimwona binti yangu akikaza vidole, vile vilivyoshindwa maharage, akaiinua penseli akamchoma nayo kiganja kile, akakandamiza kwa uzito wake wote. Mwanamume alilia kama nguruwe. Mimi nilishachukua mchi. Nilimpiga nao goti, nikasikia mfupa unalia. Nikapiga yowe. Wanawake wa jirani wakaja na majembe, wakamtoa hadi barabarani, anachechemea, wanampiga kila anapojaribu kusimama. Jioni walienda kwake wakachukua dume moja la ng'ombe, wakalichinja wakala. Kwetu hiyo ndiyo faini ya wanawake, na wazee wake waliikubali.

Niliporudi uani kutoka barabarani, damu ilikuwa imemwagika juu ya tausi. Nikageuza ukurasa. Nyuma kulikuwa kweupe kabisa.

Binti yangu alikuwa ameketi, anafungua na kufumba mkono wake, anautazama.

"Mama, nipe penseli nyingine," akasema. "Ya hii, ncha imebaki kiganjani mwake."