Barua ya Kumi na Tisa ya Bi Faili

Ukitaka kumuudhi Bi Faili, mwambie kwamba njia ya baiskeli ya darajani ililetwa na maandamano. Ukitaka kumuudhi zaidi, mwambie ililetwa na barua. La kwanza atakujibu kwa upole, maana alilelewa vizuri. La pili ataweka kikombe chini, avue miwani, na hapo ujue huondoki kabla hujasikia habari yote. Mimi nimeisikia mara nne, na ninaisimulia kwa ridhaa yake, ingawa amenionya nisiitie chumvi.

Jina hilo alipewa kazini. Alifanya kazi masjala ya manispaa miaka ishirini na saba. Masjala, kwa wasioijua, ni kile chumba cha nyuma kabisa chenye rafu mpaka darini, ambako kila barua inayoingia hugongwa muhuri, hupewa namba na kufungwa kwa uzi kwenye faili lake. Ulikuwa ukimtajia jambo, yeye anakutajia namba ya faili, kisha anakutazama kama mtu anayesubiri umuulize lingine gumu zaidi. Na miaka yote hiyo alikwenda kazini kwa baiskeli, baiskeli nyeusi yenye kikapu mbele, amevaa sketi ambayo mumewe, fundi cherehani, aliishona pana makusudi ili isinaswe na mnyororo.

Njia ilikuwa moja tu, kupitia darajani. Daraja lenyewe lilikuwa jembamba. Malori mawili yakipishana, mwenye baiskeli alibakiwa na nafasi ya kiwiko kimoja, akajibana kwenye kingo za chuma na kuomba Mungu. Bi Faili alipita hapo miaka ishirini na saba bila kusema neno. Alipostaafu ndipo alipopata nafasi ya kukasirika.

Mwaka huohuo manispaa ikatangaza kwamba daraja litapanuliwa, na mchoro ukabandikwa ukutani pale mapokezi. Akaenda kuutazama. Magari yalikuwa na njia tatu. Wapita kwa miguu walikuwa na kiukanda. Baiskeli haikuwepo hata kwa dawa. Na daraja si ukuta wa chumba, kwamba ukikosea unabomoa. Likishajengwa limejengwa, mpaka wajukuu wazeeke. Binti yake wa pekee, muuguzi, ndiye sasa aliyekuwa akivuka pale kila siku kwenda hospitali. Hilo ndilo lililomnyima raha.

Basi akafanya kazi kama alivyoijua. Alibeba kigoda chake, akaketi mwanzo wa daraja kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, akahesabu baiskeli kwa vijistari kwenye daftari: mia nane na kumi na mbili. Akachukua utepe wa kupimia wa mumewe, akapima usukani wa baiskeli yake, wa jirani, na wa muuza mkaa akiwa na gunia pande zote mbili. Akachora kwa rula: mita moja na nusu kila upande wa daraja, imetengwa na magari kwa ukuta wa zege unaofika gotini. Akaandika barua, akaambatanisha mchoro, akaipeleka masjala. Karani aliyemrithi, mwanamume mwenye upara na sauti ya chini, akaigonga muhuri kwa heshima zote.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo akili yake ilipo. Masjala ina sheria, na sheria hiyo yeye mwenyewe aliisimamia miaka yote: faili lisiloingiwa na karatasi mpya kwa siku tisini linapelekwa stoo. Na stoo, alivyosema, ni kaburi lenye kufuli. Kwa hiyo kila siku ya themanini Bi Faili alipeleka barua nyingine. Barua ya tano ilikumbusha ya nne. Ya kumi na moja iliuliza tu kama ya kumi ilifika salama. Hakumtukana mtu, hakumwinulia mtu sauti. Miaka minne, upanuzi ukiwa bado ni mchoro tu ukutani, barua kumi na nane, na faili likabaki kwenye rafu ya kazi, nene, safi, haligusi stoo.

Na hakuna aliyelisoma.

"Mama, unalea karatasi," binti yake alimwambia siku moja wakiwa mezani. Mwenzake wa kazini, mpishi wa hospitali, alikuwa amegongwa na kioo cha lori palepale darajani na kuvunjika mfupa wa bega. Binti ndiye aliyemfunga bandeji. "Wewe unawaandikia, wao wanagonga muhuri, sisi tunavunjika."

"Mimi najua ofisi inavyokwenda, mwanangu."

"Haiendi! Ndiyo nakwambia, haiendi!"

"Na hizo kelele mnazopanga je? Mtapiga kelele asubuhi, jioni mtarudi kwenye daraja lilelile. Mtu akishakuona mhuni, hakufungulii mlango."

"Kwani wewe wamekufungulia?"

Bi Faili aliweka mwiko chini. Mumewe akasukuma sahani yake katikati ya meza. "Nyumba hii ina serikali na ina upinzani," alisema. "Mimi ni mwananchi tu, nasubiri huduma. Nani anapakua?"

Hakucheka mtu, na kwa wiki mbili mama na binti walizungumza mambo ya chumvi na sabuni tu.

Jumatatu moja, saa moja asubuhi, watu themanini walifika darajani na baiskeli zao. Wauguzi, wauza maziwa, mwalimu mmoja, na mpishi mwenyewe, mkono umefungwa kifuani. Wakalaza baiskeli chini, wakalala kando yake, wakaifunga njia nzima kwa dakika thelathini. Honi zilisikika hadi sokoni. Picha ikazagaa kwenye kila simu kabla ya saa nne: binti katika sare yake nyeupe, amesimama katikati ya waliolala, kipaza sauti mkononi, na nyuma yake bango refu la kitambaa lisemalo TUNAOMBA MITA MOJA NA NUSU.

Bi Faili aliitazama ile picha muda mrefu. Kwanza alikasirika, na hafichi kwamba alikasirika. Miaka minne ya adabu, imekwenda kwa nusu saa. Kisha akalitazama bango vizuri, akaona mshono wa pindo, mishono miwili sambamba, iliyonyooka kama mstari wa rula. Akageuka kumtazama mumewe.

"Alileta kitambaa, nikashona," mumewe alisema. "Mimi ni fundi. Ungeleta wewe, ningekushonea pia."

Siku iliyofuata aliitwa na mhandisi wa barabara. Miaka minne hakuwahi kuitwa. Ofisi ilikuwa na kioo juu ya meza na ramani zilizokunjwa na kusimamishwa ndani ya ndoo, na katikati ya kioo, limefunguliwa, lilikuwa faili lake. Mara tu picha ilipozagaa, meya alikuwa amepiga simu akitaka kila karatasi iliyopo kuhusu baiskeli na daraja. Masjala ilileta faili moja, na lilikuwa na kila kitu.

"Karibu, mama, kaa," mhandisi alisema. Alikuwa mtu mwenye adabu, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. "Nimelisoma jana lote. Kazi safi sana. Baraza la madiwani linakaa Alhamisi, na mimi niko tayari kuupeleka mchoro wako."

Bi Faili aliketi, mkoba mapajani. "Nashukuru, mwanangu."

"Ila nisaidie kitu kimoja. Madiwani wana hasira na wale wa jana. Wakiona nawapa wahuni walichotaka, watakataa. Wewe wanakujua, mtu wa heshima. Niandikie karatasi moja tu, kwamba ninyi wapanda baiskeli wastaarabu hamwatambui wale watu. Niiweke juu ya faili."

"Nisipoandika?"

Mhandisi alilifunga faili taratibu. "Basi tutasubiri hasira zipoe."

Hakuna aliyejua kuliko yeye maana ya kusubiri katika jengo lile. Alitoka akiikokota baiskeli badala ya kuipanda, akavuka daraja kwa miguu, malori yakimpulizia vumbi. Njia ambayo binti yake angeipita kila siku ya maisha yake ilikuwa inataka karatasi moja tu. Na karatasi ndiyo kazi yake.

Nyumbani alikaa mezani, akaandika tarehe, akaandika anwani. Mkono wake uliijua njia. Akafika kwenye "Yah:", pale panapoandikwa barua inahusu nini, kalamu ikagoma. Alijaribu "Wahuni wa darajani," akakata. Alijaribu "Baadhi ya watu," akakata, maana aliona uso wa huyo baadhi ya watu, alivyokuwa na miaka sita, akijifunza baiskeli huku yeye ameshikilia kiti nyuma. Mumewe alisimamisha cherehani.

"Anakutaka umkane?"

"Hajui kwamba ni wangu."

"Basi mjulishe," alisema mumewe, akaendelea kushona.

Bi Faili akachukua karatasi mpya. Asubuhi hakumpelekea mhandisi. Aliipeleka masjala, akasimama pale dirishani mpaka yule karani mwenye upara alipoigonga muhuri, akaipa namba arobaini na moja, kwani michoro na viambatanisho navyo vina namba zake, akaiandika daftarini kwa wino na kuifunga uzi. Karatasi ikishapewa namba, ukiichomoa, pengo linaonekana. Mchana mhandisi aliteremka kuichukua. Karani akamwonyesha daftari. Mhandisi akaisoma pale pale dirishani, amesimama, akarudi ofisini kwake bila kuaga.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Waliolala darajani walikaa nyuma, wengine na sare za kazi, binti akiwa mstari wa mwisho. Bi Faili alikaa mbele, mikono juu ya mkoba, na hawakuwa wamesalimiana zaidi ya shikamoo. Katibu wa baraza akasimama kusoma karatasi mpya za faili, kama utaratibu unavyotaka, kwa ile sauti yake ya kusinzisha watu.

"Namba arobaini na moja. Yah: Watu waliolala darajani. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeombwa kueleza kama nawatambua watu hawa. Nawatambua. Aliyeshika kipaza sauti ni binti yangu wa kumzaa. Bango limeshonwa na mume wangu. Mimi sikuwepo, na hilo ndilo jambo pekee ninaloliona aibu. Kwa miaka minne nimeandika barua kumi na nane, na zote mmezipokea. Wao wamelala dakika thelathini, na faili limesomwa. Siwezi kuwakana watu waliokuja kunisomea barua zangu kwa sauti. Naomba njia ya baiskeli kama ilivyo kwenye mchoro. Wenu mtiifu." Katibu aligeuza karatasi, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kusoma kila kilichoandikwa, akaendelea: "Nakala: kwa binti yangu, kwa taarifa yake."

Diwani mmoja mnene akainuka, amevimba. "Huyo binti mwenyewe yuko wapi?"

"Niko hapa." Alisimama kule nyuma, sare yake ina doa la dawa begani.

"Na huyu mama ndiye mama yako?"

"Ndiye," alisema binti, na alilisema neno hilo kwa namna ambayo watu wote waligeuka kumtazama. "Huyo ndiye mama yangu."

Wale themanini wakapiga makofi, meya akagonga meza, diwani akakaa. Kisha meya akamgeukia mhandisi na kumuuliza swali moja, kama mchoro ule unajengeka. Mhandisi aliinuka. Angeweza kusema lolote, na wengi tulitegemea aseme lolote.

"Unajengeka," alisema, akitazama chini. "Ulikuwa unajengeka tangu mwaka wa kwanza."

Wakapiga kura. Kumi na sita walikubali, tisa walikataa, na yule mnene, niseme haki yake, alikuwa miongoni mwa kumi na sita.

Leo ukienda pale utaiona njia yenyewe, kila upande mita moja na nusu. Nimeipima, maana Bi Faili alinipa utepe na kuniambia nisiandike nisichokipima. Wauza maziwa wanapita wakipiga soga, wawili wawili. Watu bado wanabishana vijiweni kama ni kelele au ni barua, na mimi nimechoka nao, wanabishana kama watu ambao hawakuwepo ukumbini.

Mimi nilikuwepo. Nilitoka nyuma yao wawili siku ile, nikawaona wamesimama pale baiskeli zilipoegeshwa, hakuna anayejua aanzie wapi. Binti alikuwa analia waziwazi na hajali nani anamwona.

"Mama, si ungeniambia?" alisema. "Siku mbili nzima tuko nyumba moja. Ungeniambia tu."

Bi Faili alifungua mkoba, akatoa nakala iliyogongwa muhuri, akaikunjua na kumpa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa wa ofisi.

"Si nimekuandikia, mwanangu?"