Darubini Iliyomla Maksai

Nguruwe pori waliingia shambani kwetu mahindi yakiwa bado ya maziwa. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekula nusu ya shamba, na mke wangu alinyamaza. Safari hii hakunyamaza. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, na alisema bila kuniangalia:

"Wakimaliza na haya, mimi narudi kwetu Ibaba. Kaka yangu ana chumba. Siwezi kuzeekea Ndalambo nikiomba unga kwa watu niliowafundisha watoto wao kuomba baraka ya chakula."

Nilicheka. Tulikuwa tumeoana tangu nikiwa na nywele nyeusi, na mtu wa umri ule haachi nyumba yake kwa sababu ya nguruwe. Ndivyo nilivyodhani. Nilitakiwa kuona kwamba maharage yale alikuwa anayachambua moja moja, kama mtu ambaye hesabu zake zimekwisha.

Bunduki nilikuwa nayo. Niliirithi kwa marehemu baba, leseni yake nikaibadilisha kwa jina langu, na bwana wanyamapori alikwishaturuhusu kuwapiga nguruwe wanaoingia mashambani. Tatizo lilikuwa macho. Nguruwe hawa huja mchana unapofifia na alfajiri mbingu zinapoanza kuwa nyeupe, na saa hizo kile kidole cha chuma cha mbele ya mtutu, ambacho ndicho cha kulengea, mimi nilikiona kama moshi. Risasi nilizobakiza zilikuwa nne. Nyingine ningezipata Mbeya tu, kwa kibali kingine na nauli nyingine.

Kwa hiyo nilikwenda Tunduma kutafuta darubini ya bunduki, nikiwa na fedha ya gunia letu la mwisho la ufuta.

Duka lilikuwa nyuma ya barabara ya malori, la mtu mmoja wa Tanga aliyeuza tochi, betri, mahema na darubini. Alinitolea mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, na fedha yangu iliitosha. Ya pili ilikuwa nzito kama nyundo, na bei yake ilinifanya niirudishe mezani polepole. Niliziweka jichoni kwa zamu nikitazama nje. Zote zilikuwa safi.

"Mbona sawa tu?" nikamuuliza. "Hiyo bei nyingine ni ya nini?"

"Mzee wangu, saa hizi hata chupa ya soda utaona nayo," akasema. "Kaa hapo kwenye benchi. Nikirudi kutoka kuswali magharibi utajijibu mwenyewe."

Nilikaa. Jua lilipozama nilizichukua tena nikatazama upande wa Zambia, ambako wachuuzi walikuwa wakifungasha biashara zao. Kwenye ile ya bei ndogo watu walikuwa vivuli. Kwenye ile kubwa nilimwona mama mmoja amebeba beseni la kapenta, wale dagaa wao, na niliona mpaka mshono wa blauzi yake. Alipovuka akapita karibu na duka akanikuta bado nimeikazia macho.

"Bashikulu!" akaniita, kwa heshima wanayompa babu. "Unatafuta mke huku kwetu? Wa nyumbani amekushinda?"

Watu wa pale dukani wakacheka. Mimi nikacheka nao. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka: ya kuona.

Mwenye duka aliporudi nilimwambia aniwekee ile kubwa. Akaniuliza nina risasi ngapi. Nikamwambia.

"Basi mzee chukua hii ndogo," akasema, "na fedha utakayobakiza kanunue risasi. Yoyote utakayoifunga, lazima uipige shabaha kwanza, uirekebishe, upige tena. Darubini ikitoka hapa haiijui bunduki yako."

Nilimwona mtu anayetaka kuondoa mali mbovu dukani. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na kilichobaki kichwani mwangu baada ya shule ni kiburi cha kudhani najua mtu anaponidanganya. Nilijiambia kitu cha bei ile hakiwezi kuja hakijakamilika.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kwamba kuna ya bei ndogo na ya bei kubwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile ndogo inaua nguruwe?"

"Mchana inaua. Wao hawaji mchana."

"Na hiyo kubwa utailipa na nini?"

Macho yangu yalikwenda nje. Aligeuka akatazama zizini, walipokuwa maksai wetu wawili.

"Baba, maksai mmoja halimi," akasema. "Unalijua hilo kuliko mimi."

"Kulima bado kuko mbali. Tukivuna tutanunua mwingine."

"Tukivuna," akarudia, akaingia ndani.

Nilimpeleka mnadani yule wa kushoto, aliyezoea kutembea pembeni mwa mfereji wa jembe. Sitaki kueleza sana juu ya siku ile. Mwenzake alilia zizini mpaka jioni, na mke wangu alikwenda kumpelekea majani kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

Darubini niliifunga mwenyewe. Ilikaa vizuri juu ya bunduki, nyeusi, inang'aa. Mke wangu alikuja akasimama pembeni.

"Yule mtu si alisema uipime kwanza? Piga kile kisiki."

Hapa ndipo nilipoharibu, na sina wa kumsingizia. Baba yangu aliniachia sheria moja ya uwindaji: risasi haipigwi kwenye kitu kisicholiwa. Alikuwa akipata risasi chache, na aliyepiga kopo au mti kwa kujaribu alichapwa, hata kama ameoa. Kwa bunduki yake sheria ile ilikuwa sahihi, kwa sababu kilengeo chake cha chuma hakikuwa kimeguswa tangu kiwandani. Mimi nilikuwa nimeifungia jicho jipya, halafu nikailinda kwa sheria ya jicho la zamani.

"Risasi si za kisiki," nikamwambia. "Zipo nne. Nikipiga kisiki mara tatu, nguruwe nitampiga na nini?"

"Na ukimkosa mara nne?"

"Nimkose na hii?"

Alfajiri iliyofuata nilipanda kwenye dungu letu la kulindia, yeye akakaa mwisho wa shamba nyuma yangu, na debe lake la kupiga. Umande ulikuwa mwingi. Walikuja kimya, kisha nikasikia mabua yakivunjika. Niliweka jicho.

Hakuna siku niliyomwona mnyama namna ile. Dume lilikuwa limesimama ubavu, na manyoya yake meupe ya usoni yalikuwa yamelowa. Niliona maziwa ya mahindi yakimchuruzika mdomoni. Niliona sikio likicheza. Niliweka ule msalaba wa kulengea, ulio ndani ya kioo, nyuma ya bega lake, nikashusha pumzi, nikavuta.

Udongo uliruka mbali, mkono wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mnyama wowote. Dume liliinua kichwa tu. Halikujua hata hatari imetoka wapi. Nikavuta tena, palepale penye bega, na bua moja likaanguka, kushoto vilevile. Hapo kundi lote likageuka likapita katikati ya shamba, mstari kwa mstari, likilaza mahindi kama mtu anayetandika mkeka.

Mke wangu alikuja mpaka chini ya dungu.

"Umempata?"

"Nimemkosa."

"Ulimwona?"

"Nilimwona vizuri sana."

Aliliweka debe lake kichwani polepole akaenda nyumbani. Mtu aliyekasirika angelitupa.

Mtu mwenye akili angeshuka akapige kisiki kwa zile mbili zilizobaki. Mimi, kwa aibu, nilianza kubahatisha. Jioni ile nililenga kulia kwa makusudi, na darubini sasa ilikuwa imelegea kwenye skrubu zake, risasi ikaenda sikujua wapi. Ya mwisho niliipiga siku iliyofuata nikilia, na mtu hapigi shabaha akiwa analia. Tulibaki na debe. Nguruwe walikwishajifunza kwamba kelele za kwetu haziumi, na usiku na mchana waliingia wanavyotaka.

Kijijini hawakuniacha. Kila nilipopita kilabuni mmoja alipaza sauti: "Mzee, hiyo darubini inalima?" Mwingine akamjibu kwa niaba yangu: "Inalima, ila inataka mwenzake wa kushoto!" Niliwapungia mkono kama mtu aliyesikia utani. Nilikuwa nikienda kuomba risasi za kuazima, na nilijua hakuna aliyekuwa nazo.

Siku shamba lilipokuwa limebaki mabua, mke wangu alifunga nguo zake kwenye kitenge. Nilimwomba. Nilimwambia nitaiuza darubini, nitamrudisha ng'ombe. Nilimshika mkono, jambo ambalo wazee wa kwetu hawalifanyi mchana.

"Hukunikosea kwa kumkosa nguruwe," akasema. "Nilikwambia mara mbili. Ya ng'ombe, na ya kisiki." Akautoa mkono wake taratibu, kama anayechomoa uzi kwenye sindano.

Alikataa nimsindikize. Bodaboda ilikuwa inamsubiri barabarani, ng'ambo ya shamba. Niliingia ndani nikalegeza zile skrubu, nikaitoa darubini kwenye bunduki, kwa maana hata mjinga kama mimi hamtazami mkewe kupitia mtutu. Nikatoka nayo mkononi.

Jua lilikuwa linazama. Kwa macho yangu angekuwa kivuli tu. Niliiweka jichoni nikaona fundo la kitenge, kisigino cha kandambili kilicholika upande mmoja, na vumbi kwenye pindo la gauni. Mwisho wa shamba alisimama. Nikadhani anageuka. Aliinama akaokota hindi moja ambalo nguruwe hawakulimaliza, akalifuta kwa kiganja, akalitia ndani ya mzigo wake, akaendelea kuelekea barabarani.