Mama Furaha aliishia kwenye maharage

Leo kikundi chetu cha vitabu hapa Barking, London, nusura kivunjike.

Riwaya ni ya vita. Familia imejificha msituni, mama anabandika sufuria ya maharage, mara wanavamiwa.

Mimi nililia.

Dada Zuhura, Mzanzibari asiyelia ovyo, akasema, "Mwandishi mvivu huyu. Uvamizi umezuka tu, hauna kichwa wala miguu."

Tukabishana hadi chai ikapoa.

Mama Furaha, Mkongomani wetu, akawa anakusanya vikombe. Mwisho akakiri aliacha kusoma pale maharage yalipobandikwa.

"Kwa nini, mama?"

"Maharagi inakawia ku moto. Moshi yote ile, nani hataiona?"

Zuhura akafunua tena ukurasa ule.

Moshi umo, mstari mzima. Sisi wengine tuliusoma tukaupita.

Nyie mngeuona?