Shahidi wa Dada Mkubwa

Dada yetu mkubwa alikuwa analea watoto wa watu. Mama zao wakienda kazini asubuhi wanamwachia sebuleni kwake, kwenye mkeka, na mtaa mzima ulimwita Mama Wote. Kazi yenyewe aliianzia kwetu: mama alipofariki, yeye ndiye aliyetulea, mimi na dada wa kati.

Basi jirani yake, fundi cherehani, mwanamke mdomo wake hauna breki, akawaambia wateja kwamba watoto wa Mama Wote wanalala mno kwa sababu anawanywesha dawa ya usingizi. Uongo mtupu! Lakini wiki haikuisha, mkeka ukabaki wazi. Watu hawana haya, jamani.

Dada akaenda kwa wakili.

"Hii kisheria ni kashfa," wakili akamwambia. "Angekutukana mkiwa wawili, lingekuwa tusi tu. Kashfa ni uongo unaomfikia mtu mwingine, ukakushusha machoni pake. Kuna aliyesikia?"

"Mdogo wangu anayenifuata! Alikuwa hapohapo anapimwa gauni."

Alitoka kwa wakili anacheka. Kesi ameshashinda, damu yake itamtetea. Dada wa kati naye alikuwa akimwachia mwanawe pale, ila siku hizo mtoto alikuwa kwa bibi yake upande wa baba. Ndivyo tulivyoambiwa.

Mahakamani dada wa kati akala kiapo, akayarudia maneno ya fundi yote, mbele ya kadamnasi. Nilitamani kuziba masikio.

Wakili wa fundi akainuka. "Wewe ni ndugu yake. Bila shaka hukuamini. Sasa jina lake limeharibika wapi?"

Dada wa kati akatazama sakafu.

"Niliamini," akasema. "Nilimtoa mwanangu siku ileile. Hayupo kwa bibi yake. Nimempeleka kwa yaya mwingine."

Loo!

Tulishinda. Fundi akaamriwa kulipa fidia na kuomba radhi hadharani. Wakili wetu akatushika mikono kwa furaha, eti ushahidi ule ndio uliotubeba.

Dada mkubwa hata hakumsikia. Alimfuata mdogo wake kwenye korido, akamshika bega.

"Wewe nimekulea mwenyewe, tangu hujang'oka meno ya utoto," akamwambia. "Nilikunywesha nini?"

Dada wa kati akaangua kilio. Dada mkubwa hakumbembeleza.