Ubao Usio na Mlango

Upepo wa mwezi wa saba hauna adabu hapa Katandala. Cornelia Adolfu anaufunga ubao wake kwa kitenge, anaukaza kwa kamba, kisha anapanda bodaboda akiwa ameukumbatia kifuani. Dereva anashauri aubebe mgongoni. Anakataa.

"Rangi ya udongo ikikwaruzwa, kazi ya wiki tatu imekwenda," anasema.

Safari ni ya saa moja na nusu, mpaka kijiji kilicho karibu na pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Muze. Huko anaishi Bibi Monika, mzaa mama yake, mwenye umri wa miaka themanini na minane. Hakuna ubao wa Cornelia unaouzwa kabla bibi huyo hajaupitisha. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo anakagua kwa vidole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lete."

Ubao unalazwa mapajani. Kidole kinafuata michirizi ya udongo taratibu, kinazunguka, kinarudi chini.

"Mlango uko wapi?"

"Hapo chini, bibi. Kushoto kidogo, nimeacha pengo."

"Haya. Nimeuona."

Cornelia, mwenye miaka arobaini na sita, ni mchoraji. Katika ukoo wake, wanawake walizipamba kuta za nyumba zao kila baada ya mavuno. Walitumia udongo mweupe wa bondeni, mwekundu wa kichuguu na masizi ya chungu. Walichora kwa vidole, mistari ikianzia upande mmoja wa mlango na kuizunguka nyumba yote mpaka upande wa pili. Yeye, akiwa mtoto, alimshikia mama yake bakuli la udongo. Mama yake alifariki Cornelia akiwa na miaka kumi na miwili.

"Nilibaki na michoro kichwani," anasema. "Maneno ya kuieleza, mama alikwenda nayo."

Siku hizi watu wanajenga kwa matofali ya kuchoma na kupiga lipu ya saruji, na kuta za kupaka udongo zimekuwa za kutafuta. Ndiyo maana alihamia kwenye mbao, akichanganya udongo na gundi ya seremala ili ushike. Mkono unakwenda kinywani kwa sababu ya mabango: kinyozi, duka la dawa, mama lishe. Bango moja humpa shilingi elfu ishirini. Ubao wa mistari, akibahatika, elfu sabini, na mwaka jana aliuza tano tu.

Halfani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, humwekea vipande vya mbao vilivyobaki na kumtania kila anapovichukua. "Dada Cornelia, chora simba basi! Mistari mitupu atanunua nani?"

Cornelia hucheka, huchukua vipande vyake na kuondoka. Lakini kuna ubao mmoja ambao hauzungumzii kwa kicheko.

Miaka minne iliyopita binti yake, Faith, aliolewa. Cornelia alimchorea ubao mzuri kuliko zote alizowahi kuchora, mistari imejaa pembe hadi pembe na kuungana yenyewe kwa yenyewe, bila pengo.

"Nikajiambia, ubao hauna mlango. Nikiacha pengo, watu watasema nimefanya uvivu."

Ubao ulitundikwa sebuleni kwa maharusi. Bibi Monika, ambaye wakati huo alikuwa bado anaona, alikwenda kumtazama bibi harusi. Alifika kizingitini, akauona ubao ukutani, akagoma kukaa. Katika ukoo wao mistari iliyofungwa huchorwa mara moja tu: siku nyumba inapoachwa kwa sababu mwenyewe amefariki na hakuna atakayeishi humo tena.

Ubao ukashushwa siku hiyohiyo. Miezi saba baadaye mimba ya kwanza ya Faith iliharibika. Watu hawakukosa la kusema.

"Mimi ni Mkatoliki. Siamini kwamba ubao uliua mtoto," anasema Cornelia, kisha anakigeuza kiganja chake na kukitazama. "Lakini mkono uliochora ni huu wangu. Nilikaa miaka miwili sikugusa udongo."

Aliyemrudisha kazini ni bibi mwenyewe. Alimwita, akamkalisha chini. "Hukujua," alimwambia. "Mwenye kujua nilikuwa mimi, na sikukwambia. Tumekosa wote wawili."

Tangu siku hiyo anamfundisha. Bibi anahesabu michoro tisa ya ukoo, kila mmoja na wakati wake. Cornelia ameshika mitano. Lakini tangu Pasaka bibi hatoki nje bila kushikwa mkono, na mara nyingine usingizi humchukua katikati ya maelezo. Michoro minne imebaki kwa mtu mmoja, na mtu huyo anachoka. Cornelia anaogopa, wala hafichi.

Leo kidole cha bibi kinasimama juu kulia.

"Huu mstari ulipofika hapa ulichoka."

"Nilikuwa na njaa, bibi."

"Basi kale, halafu urudie."

Wanacheka. Mwalimu mmoja mjini anausubiri ubao huo, lakini Cornelia habishi. Anaanza kuufunga tena, na hapo bibi anamshika kiganja.

"Ule wa Faith bado unao?"

"Upo nyuma ya kabati, bibi, nimeugeuzia ukutani. Nataka niukwangue."

"Usiukwangue. Ule ni wangu. Ulichora vizuri, ulikosea nyumba tu. Siku yangu ikifika, uuweke kwenye mlango huu."

Cornelia anafuta macho kwa pindo la kitenge kilekile alichofungia ubao.

Faith sasa ana binti wa mwaka mmoja. Shule moja ya Katandala imekubali kumpa Cornelia ukuta mmoja, aukandike udongo na kuupamba pamoja na wanafunzi kabla ya mvua za Novemba. Anataka michoro yote tisa ikae hapo, kila mmoja na mlango wake, na maana yake isomwe na kila mtoto anayepita. Kwa hiyo kuanzia wiki hii atakuwa akipanda bodaboda kila Jumamosi kwenda kwa bibi, kujifunza ile minne iliyobaki.

Na ule ubao wa nyuma ya kabati?

"Namwomba Mungu mchwa waumalize," anasema, "kabla haujahitajika."