Filamu ya Anti

Chumba nilichopanga hapa Greyville, mtaa wa Durban, ni cha mama mmoja Mtamil, mjane, ambaye wapangaji wote tunamwita Anti. Jumapili mchana, nikitoka kanisani, huniita sebuleni tutazame filamu yake ya zamani ya Kitamil, isiyo na rangi. Ilitokana na mchezo wa jukwaani, na inaonekana: watu wote huingia kwa mlango mmoja, na wakishasema maneno makali hunyamaza kidogo, kama wanaosubiri makofi. Kijana anamuua baba yake, halafu waliobaki wanaongea tu.

Anti hunitafsiria kwa Kiingereza. Jumapili moja kijana aliua kwa sababu ya urithi. Iliyofuata, aliua kwa sababu baba alimfukuza mama yake. Nikakasirika. Mimi sipendi kufanywa mjinga.

"Anti, si ulisema ni urithi?"

Akakiri kwamba Kitamil hakijui. Baba yake ndiye aliyekuwa akimtafsiria filamu ile alipokuwa mdogo, naye sasa anaunganisha anachokumbuka.

Nilirudi chumbani nikicheka peke yangu. Mtu mzima, hajui lugha ya baba yake!

Binti yangu, aliyezaliwa hapahapa Durban, alikuwa kitandani anasikiliza simu yangu. Mama yangu alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kutoka Tanga, mrefu, umejaa vicheko. Binti akanikabidhi simu na kuniuliza, kwa Kiingereza, Bibi anasemaje.